Olmsted na Shoka: Maisha ya Mtunza Bustani za Umma

Tangu Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, utanzu huu umepata makao katika fasihi ya Kiswahili, ijapokuwa waandishi wengi wamependelea kusimulia maisha ya wapiganaji, watawala, viongozi wa dini na malenga. Ni nadra kumkuta mhusika ambaye kazi yake ilikuwa kupanda miti mjini, na ni nadra zaidi kumkuta aliyepigania miti hiyo itunzwe baada ya kupandwa. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu wa aina hiyo, Frederick Law Olmsted, Mmarekani aliyeishi kati ya mwaka wa 1822 na 1903. Jina lake hutajwa sambamba na bustani ya Central Park ya New York, na aghalabu husemwa kwamba aliisanifu, basi. Dai letu ni kwamba kusanifu kulikuwa sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito, iliyomwandama kwa takriban miaka ishirini na hatimaye kumwondoa New York kwa uchungu, ilikuwa kuitunza.

Kabla ya kuingia katika masimulizi yenyewe, yafaa tulitazame neno. Bustani tumelipata kutoka Kiajemi kupitia Kiarabu, na kiasili ni mahali pa harufu nzuri. Katika matumizi ya kawaida, neno hili hutujengea taswira ya eneo la maua au mboga lenye mwenyewe, na pengine lenye ua. Bustani ya umma ni dhana tofauti kabisa. Haina mwenyewe kwa kuwa wenyewe ni wote, na cha wote ni rahisi kukosa wa kukiangalia. Tatizo hili la kimsingi ndilo lililomsumbua Olmsted tangu siku aliyoajiriwa.

Olmsted alizaliwa tarehe 26 Aprili 1822 mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Baba yake, John Olmsted, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye uwezo mzuri. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Baada ya hapo alipelekwa kusoma kwa wachungaji wa vijijini, akihamishwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na elimu aliyoipata huko haikuwa ya kusifika. Baba huyo hakuwa msemaji, lakini alipenda mandhari, na wakati wa likizo aliipakia familia katika gari la farasi wakaenda kutazama milima na mito ya kaskazini mashariki ya Marekani. Yamkini shule yake halisi ilikuwa hiyo. Alipokaribia umri wa kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale, sumu ya mmea wa mwituni ilimdhuru macho, na mpango wa masomo ukavurugika.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga. Alikuwa karani katika kampuni ya biashara mjini New York. Mwaka wa 1843 akawa baharia katika merikebu iliyokwenda Uchina, akarudi baada ya mwaka mmoja akiwa mgonjwa na amekonda. Kisha akaingia katika kilimo, na mwaka wa 1848 baba yake akamnunulia shamba katika kisiwa cha Staten. Kwa kipimo cha wazazi wengi wa hapa kwetu, kijana huyu alikuwa amepotea: alikuwa anakaribia miaka thelathini, hana shahada, na bado anamtegemea mzee wake. Hata hivyo, shambani alijifunza mambo matatu ambayo yangemfaa baadaye, yaani kuondoa maji ardhini kwa mabomba, kuotesha miche, na kuwaongoza vibarua.

Mwaka wa 1850 alizuru Uingereza kwa miguu pamoja na ndugu yake, John Hull, na rafiki yao mmoja. Walipofika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, mwoka mikate mmoja aliwasihi wasiondoke kabla ya kuiona bustani mpya ya mji. Bustani hiyo ilisanifiwa na Joseph Paxton na kufunguliwa mwaka wa 1847. Olmsted alistaajabia ufundi wake, lakini kilichomgusa zaidi ni kwamba ilijengwa kwa fedha za umma, na maskini na tajiri waliingia kwa lango moja. Alirudi nyumbani akaandika kitabu kuhusu safari hiyo, kikachapishwa mwaka wa 1852.

Kitabu hicho kilimfungulia mlango wa uandishi wa habari. Kati ya mwishoni mwa mwaka wa 1852 na 1854, gazeti ambalo leo ni New York Times lilimtuma katika majimbo ya kusini aripoti hali ya utumwa. Barua zake zilizaa vitabu kadhaa vilivyotoka kati ya mwaka wa 1856 na 1861. Sisi tunaosoma fasihi tungemweka hapa miongoni mwa waandishi wa safari: anasikiliza, anahesabu, anaeleza bei ya pamba na hali ya vitanda, na kutokana na mambo hayo madogo anajenga hoja kubwa. Hoja yenyewe ilikuwa kwamba utumwa ulimdhulumu mtumwa na, juu ya hayo, ukaifukarisha jamii nzima. Katika nchi ambamo kila mwenye shamba alijifungia na mali yake, vitu vya pamoja kama barabara, shule na maktaba vilidumaa. Fikra hii ya vitu vya pamoja ndiyo daraja linalomuunganisha Olmsted mwandishi na Olmsted wa bustani, na wanaozisimulia kazi hizo mbili kana kwamba ni za watu wawili wanalikosa.

Mwaka wa 1857 kampuni ya uchapishaji aliyokuwa mshirika wake ilifilisika. Akiwa na madeni, alipata habari kutoka kwa kamishna mmoja kwamba bustani kubwa iliyokuwa ikiandaliwa New York ilihitaji msimamizi wa vibarua. Aliomba, akapata kazi hiyo mwezi wa Septemba. Hapakuwa na bustani. Palikuwa na miamba, vinamasi na uvundo wa machinjio.

Vilevile palikuwa na watu, au tuseme palikuwa na watu hadi muda mfupi kabla. Hapa wasifu nyingi za zamani zilipita upesi, nasi hatuna budi kusimama. Kuanzia mwaka wa 1825, Wamarekani weusi walinunua viwanja upande wa magharibi wa eneo hilo na kuunda kijiji kilichoitwa Seneca Village. Kumiliki ardhi kulikuwa na maana ya pekee kwao, kwa sababu sheria ya New York ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, ilhali mzungu hakuwekewa sharti hilo. Kufikia mwaka wa 1855 kijiji kilikuwa na wakazi wapatao 225, makanisa matatu na shule. Serikali ilitwaa ardhi kwa sheria, ikalipa fidia ambayo wengi waliiona ndogo, na kufikia mwisho wa mwaka wa 1857 wote walikuwa wameondolewa. Katika eneo zima la bustani waliohamishwa walikadiriwa kuwa 1,600. Olmsted hakuipitisha sheria hiyo, na uamuzi ulifanywa kabla hajaajiriwa. Hata hivyo, mtu aliyekuwa ametoka kuandika kwa ukali juu ya dhuluma ya kusini alianza kazi yake kuu juu ya ardhi ya namna hiyo, na sidhani wasifu wake unaweza kuwa wa haki ukilificha jambo hili.

Mtikisiko wa kiuchumi wa mwaka huohuo ulijaza mitaa ya New York watu wasio na kazi, na wanasiasa waliwasukuma wafuasi wao waandikwe katika bustani. Wakati huohuo makamishna walitangaza shindano la ramani. Calvert Vaux, msanifu majengo aliyezaliwa London, alimwomba Olmsted washirikiane. Miongoni mwa ramani 33 zilizowasilishwa, yao ndiyo iliyoshinda mwezi wa Aprili 1858. Ubunifu mmoja unastahili kutajwa. Masharti ya shindano yalitaka barabara nne zikate bustani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wao walizizamisha barabara hizo chini ya usawa wa ardhi, magari ya mji yakapita bila kuonekana, huku watembeaji wakivuka juu yake katika nyasi na miti. Ni vigumu kuona leo jinsi wazo hilo lilivyokuwa la kijasiri, maana mwaka wa 1858 hapakuwa na motokaa hata moja.

Kazi ya ujenzi ilikuwa kubwa mno. Miamba ilipasuliwa kwa baruti, udongo mzuri ukaletwa kutoka Long Island na New Jersey, mabomba yakafukiwa ili kukausha vinamasi, na miti na vichaka vikapandwa kwa maelfu. Baada ya kuongezwa upande wa kaskazini mnamo mwaka wa 1863, eneo lote likawa ekari 843. Majira ya baridi ya mwaka wa 1858 watu walikuwa tayari wanateleza juu ya barafu ya ziwa lake. Olmsted, kwa upande wake, aliwafunza walinzi wa bustani kwa makini. Magazeti mengine yalikuwa yametabiri kwamba maskini wangeiharibu bustani kwa siku chache. Yeye aliamini kwamba umma hufunzika, na kwamba mlinzi ni mwalimu kabla ya kuwa polisi. Wanahistoria wa baadaye wamemlaumu, na si bila sababu, kwamba kanuni zake za kukataza hiki na kile zilimfaa mwenye gari la farasi kuliko kibarua mwenye Jumapili moja tu ya kupumzika na watoto wanaotaka kucheza mpira.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa na majonzi. Ndugu yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1857, akaacha mjane, Mary, na watoto watatu. Mwaka wa 1859 Olmsted alimwoa Mary, akawalea watoto wale kama wake. Mwaka uliofuata farasi walimtupa kutoka garini, mguu ukavunjika vibaya, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akafa. Alibebwa kwa machela kwenda kukagua kazi bustanini. Alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, alikwenda kuwa katibu wa tume iliyohudumia afya ya wanajeshi, kisha akaenda California kusimamia machimbo ya dhahabu, ambayo hayakufanikiwa. Huko California aliongoza tume ya bonde la Yosemite. Vaux ndiye aliyemrudisha New York mwaka wa 1865 kwa barua za kumbembeleza, wakatengeneza Prospect Park mjini Brooklyn, ambayo wengi huiona kuwa kazi yao bora kuliko ya kwanza.

Brooklyn ndiko pia walikoitoa miti bustanini na kuipeleka barabarani. Waliona kwamba bustani moja, hata ikiwa kubwa namna gani, haimfikii mama mwenye mtoto mgongoni anayeishi maili nne kutoka langoni. Wakapendekeza barabara pana za pekee zenye safu kadhaa za miti, njia ya kati ya magari ya starehe, na njia za waendao kwa miguu chini ya kivuli, zikitoka bustanini na kuenea mjini kama matawi yanavyotoka shinani. Mbili kati ya hizo, Eastern Parkway na Ocean Parkway, zilijengwa katika miaka ya 1870 na zingalipo. Katika mji wa Buffalo, walikoanza kazi mwaka wa 1868, waliunganisha bustani kadhaa kwa barabara za namna hiyo tangu mwanzo. Miti ya barabarani, kwa mtazamo wao, ilikuwa bustani iliyorefushwa hadi mlangoni pa mwananchi, nayo ilihitaji nafasi ya mizizi na wa kuihudumia.

Tunafika sasa katika kiini cha masimulizi. Mwaka wa 1870 genge la kisiasa la William Tweed lilibadilisha katiba ya mji na kuiweka Central Park chini ya mtu wao, Peter Sweeny. Kilichofuata hakikuwa uharibifu wa makusudi. Kilikuwa usafi wa wasiojua. Vichaka vilivyopandwa ili kuficha mwamba na kuleta kivuli kizito vilifyekwa. Matawi ya chini ya miti yalikatwa ili hewa ipite na walinzi waone mbali. Mandhari iliyokusudiwa kufanana na pori ikapangwa kama ua wa afisi ya serikali. Olmsted na Vaux walijiuzulu mwezi wa Novemba mwaka huo. Genge la Tweed lilianguka mwaka uliofuata, wakarudi, wakaanza kupanda upya. Ushirika wao ulivunjwa kwa makubaliano mwaka wa 1872, na tangu hapo jina la Vaux limefunikwa na la mwenzake isivyo haki.

Olmsted alibaki katika idara ya bustani kwa miaka mingine, na miaka hiyo ilimchosha kuliko ya ujenzi. Kila juma watu walifika na barua kutoka kwa wanasiasa, kila mmoja akidai apewe kazi, bila kujali kama alijua jembe au hakulijua. Waliojua kazi walifutwa ili kuwapisha wenye godfather, kama lugha yetu ya mitaani inavyowaita. Mwezi wa Januari 1878 cheo chake kilifutwa, naye akaondoka kwenda Ulaya kutuliza afya iliyokuwa imedhoofika. Mwaka wa 1882 alichapisha kijitabu kinachoeleza kwa kinaganaga jinsi bustani inavyogeuzwa nyara ya washindi wa uchaguzi. Nimekisoma kikanichekesha mahali ambapo mwandishi, nadhani, alikuwa na hasira.

Kuna kazi nyingine fupi ya baadaye, ambayo haijulikani sana na ambayo kwangu ndiyo inayomweleza vizuri zaidi. Mwaka wa 1889, akishirikiana na J. B. Harrison, alitoa kijitabu juu ya utunzaji wa miti ya umma na hasa juu ya matumizi ya shoka. Chanzo chake kilikuwa malalamiko ya watu wa New York walioona miti ikikatwa Central Park. Ajabu ni kwamba Olmsted, aliyejiuzulu kwa sababu ya shoka la Sweeny, sasa aliandika kulitetea shoka. Hakuna mkinzano. Katika upandaji wake, miti ya kukua upesi iliwekwa karibu karibu na miti ya kukua polepole, ile ya kwanza iwe kinga ya hii ya pili dhidi ya upepo na jua. Kinga hiyo ilipaswa kuondolewa baada ya miaka kadhaa. Isipoondolewa, yote hurefuka kwa kugombea nuru, mashina huwa membamba, matawi ya chini hufa, na mwishowe hupatikana msitu wa miti dhaifu badala ya mialoni na mielmu iliyotanda. Wasimamizi waliogopa magazeti, wakaacha kukata, na miti ikadhurika kwa kuonewa huruma. Tofauti kati ya shoka la mwaka wa 1870 na lile la 1889 haikuwa katika makali. Ilikuwa katika kujua mti unakusudiwa kuwa nini baada ya miaka hamsini, na kuwa na mtu atakayekuwapo kulikumbuka kusudio hilo.

Pengine ndiyo sababu huko Boston, alikohamia mwanzoni mwa miaka ya 1880, alitafuta mbinu nyingine. Kinamasi cha Back Bay kilichojaa majitaka alikibadilisha, kwa msaada wa wahandisi wa mji, kikawa eneo la kupokea mafuriko lililofanana na kinamasi cha asili. Kutoka hapo akaunganisha mlolongo wa bustani hadi Franklin Park. Katika mlolongo huo mna Arnold Arboretum, hazina ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka wa 1882, baada ya majadiliano marefu, chuo kiliikabidhi ardhi kwa mji, na mji ukakikodishia tena chuo kwa miaka 1,000 kwa dola moja kwa mwaka. Mji ulichukua dhima ya barabara na ulinzi, na chuo kikachukua dhima ya miti. Mtu aliyekuwa ameona ramani yake ikifyekwa alikuwa amejifunza kuisanifu mikataba pia.

Kinga ya namna hiyo Central Park haikuwa nayo. Mwaka wa 1892 sheria ilipitishwa ya kujenga humo njia ya kushindanisha farasi wa matajiri, na ni kelele za umma zilizoifanya ifutwe baada ya wiki chache. Msomaji wa Nairobi hatakosa kumkumbuka hapa Wangari Maathai na jengo la orofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa Uhuru Park mwaka wa 1989.

Sisi wa taaluma ya Kiswahili, ambao kila siku twavutana juu ya istilahi, tutafurahi kujua kwamba Olmsted hakulipenda jina la taaluma aliyoiasisi. Leo tungemwita msanifu mandhari. Yeye aliona kwamba istilahi hiyo katika lugha yake iliunganisha vitu viwili visivyopatana, usanifu wa majengo na mandhari, lakini hakupata iliyo bora, akaitumia hadi mwisho.

Kufikia mwaka wa 1895 kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoroka, akaacha kazi mikononi mwa wanawe. Mwaka huohuo Vaux alikufa maji Brooklyn. Mwaka wa 1898 Olmsted alipelekwa katika hospitali ya McLean karibu na Boston, ambayo aliwahi kuishauri juu ya uwanja wake. Inasimuliwa kwamba hata katika hali ile aliutazama uwanja akalalamika kwamba ramani yake haikufuatwa. Alifariki huko tarehe 28 Agosti 1903.

Central Park ilizorota mara kadhaa baada yake, na vibaya zaidi katika miaka ya 1970, mji wa New York ulipoishiwa na fedha: nyasi zikageuka vumbi, na madaraja yakachorwachorwa. Mwaka wa 1980 iliundwa taasisi maalumu ya kuihifadhi, ikishirikiana na serikali ya mji na kuchangisha fedha za watu binafsi, ikaifufua sehemu baada ya sehemu. Katika njia pana iitwayo Mall kungali na safu za mielmu ya Kimarekani, jamii ambayo ugonjwa wa kuvu umeimaliza katika miji mingi. Wakaguzi huipitia mara kwa mara kutafuta majani yanayonyauka kabla ya wakati, na mti ulioambukizwa hukatwa upesi kabla haujaambukiza jirani yake.